TAHADHARI: fundi wa nyumba wa Busia (upande wa Uganda), msimpe hata mia

Wandugu wa Busia, na nyinyi wenye viwanja huko halafu mnatafutia maisha Kampala kama mimi, someni hii kabla hamjatuma hela. Naandika na aibu, najua mashangazi watasoma wacheke, wacha wacheke.

Siku hiyo niko soko la Owino, Kampala, saa saba mchana, ndo nimefunua sahani ya matoke, simu inalia, ni fundi na anapiga ya video. Nikapokea na mkono wenye mchuzi. Namwona amesimama kwa jua na ile kofia yake nyekundu, nyuma yake ukuta umepanda mpaka juu ya madirisha, matofali yamekaa laini kabisa. Akachukua mwiko akagonga ukuta, kong kong, "Dada sikia hiyo, hii nyumba wajukuu wako wataiacha imesimama." Mi nikacheka, nikamgeuzia simu jirani yangu wa meza naye ajionee, yaani nilijisifu! Akasema linta, ile zege ya juu ya madirisha, inamwagwa kesho, mvua iko karibu, simiti mifuko 40 ni 1,400,000, vyuma 2,000,000, na kama naweza niongeze 6,200,000 ya mbao na mabati kabla bei haijapanda. Jumla 9,600,000. Ile pesa yangu ya kikundi, ndo hiyo hiyo. Nikatuma kwa simu mara tatu, chakula kikapoa.

Na kwenye ile video kulikuwa na mwembe. Mwembe mkubwa, kivuli chake kimelala kwa ukuta nikakiona na macho yangu. Kiwanja changu hakina hata mgomba.

Mtasema mi mjinga. Lakini huyu mtu msingi alinichimbia nikiwa nimesimama pale, akajenga mpaka usawa wa madirisha, na siku ya kwanza nilipomtuma misumari alinirudishia chenji, 18,000, noti zimekunjwa vizuri ndani ya risiti. Nani anarudisha chenji siku hizi? Mama yangu yeye fundi anamwita "Mama", na Ijumaa anaswali safu ya mbele. Na kuna mtu alinionya kuhusu huyu fundi, hiyo sirudii hapa, alishanisema vya kutosha.

Nikaenda Idi bila kumwambia. Boda akaniteremsha, nikadhani amekosea njia. Kuta ziko palepale nilipoziacha, mbuzi wawili wamelala kwa mlango, na ndani ya sitingi rumu mtu amepanda mahindi, yamefika magotini! Bibi wa jirani akaniambia fundi mara ya mwisho kuonekana ni kabla ya mvua. Ile mistari ya mwisho aliyojenga nikaikwaruza na ufunguo, mchanga ukamwagika kama sukari. Simu yake haipatikani, wanasema alipita njia ya panya huko Sofia, mpakani, sasa yuko upande wa Kenya anakula hela yangu.

Huyu mtu akamatwe, arudishwe huku, azungushwe soko lote amebeba tofali kichwani, halafu gereza la Luzira, na huko apewe kazi ya kujenga choo bila malipo. Sina huruma. Watoto wangu bado wako nyumba ya kupanga.

Nikikumbuka sasa, mara nyingi alikuwa anaomba hela jioni ya Ijumaa, risiti za mwisho hazina muhuri na mwandiko ni mmoja zote, kila nikisema nimtume kaka aende saiti anasema njia ina matope. Kuandikiana kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, alikataa, eti "sisi ni ndugu". Namba yake nilishaipeleka polisi, hapa siiweki.

Na wewe mwenye nyumba yenye mwembe, ukuta umepita madirisha, fundi wako ana kofia nyekundu: nipigie. Hiyo simiti yako nadhani nililipa mimi.