Miwani ya upofu wa rangi: miezi mitatu machoni, haya ndo niliyoyaona

Jamani mimi kijani na kahawia kwangu ni ndugu wa damu, pinki hafifu naiona kijivu, na taa ya chaja mpaka niulize mtu imejaa au bado. Kwa hiyo nilipoona zile video za watu wanavaa miwani wanaangua kilio, nikasema na mimi ninunue nilie. Nikavaa, nikasubiri machozi, wapi! Kila kitu kimekuwa na kaurujuani fulani hivi basi.

Ila nilipotoka nje kwenye jua ndo nikaanza kuielewa. Kuna ua wa mimea napita kila siku, kumbe una maua mekundu, mi huwa nayaona nikishafika karibu kabisa, siku hiyo niliyaona toka mbali yamejitokeza kwenye majani nikasimama kama mjinga. Hapo naipa heko.

Inavyofanya kazi ni hivi, machoni kuna seli za kuonea rangi zinaitwa koni, ziko za aina tatu, sasa kwa sisi ile ya nyekundu na ile ya kijani zinapokea mwanga unaokaribiana sana, lenzi inakata kipande cha mwanga pale zinapogongana ili tofauti ionekane. Haikuongezei rangi usiyokuwa nayo. Mfano ile chaja, taa yake ni ya chungwa ikichaji na ya kijani ikijaa, nikivaa miwani, ile taa ya chungwa inafifia, sasa hapo sijaona chungwa, nimebahatisha tu kwa kuangalia ipi imefifia. Na kama koni moja huna kabisa, usitegemee makubwa.

Muuzaji wangu (simtaji) aliniambia "inatibu", hata aina ya upofu wangu hakuuliza. Uongo mtupu, tatizo letu wengi ni la kurithi na ukivua umerudi kulekule. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Uhispania, waliipima miwani ya kampuni ya EnChroma wakaona inabadilisha rangi unavyoziona lakini haikufanyi uone kama wengine. Mi mwenyewe nilijaribu zile picha za Ishihara za kupimia upofu wa rangi, za nukta nukta zenye namba ndani, namba moja iliyokuwa inanishinda ikatokea, halafu nyingine niliyokuwa naisoma vizuri tu ikapotea 😂 Kwa hiyo usije ukaenda nayo kwenye kipimo cha kazi ukadhani umepona, huko ni kudanganya.

Ndani haina maana, lenzi ni nyeusi mno, na usiku kuendesha nayo gari usithubutu. Kabla hujatoa hela jaribu kwanza vichujio vya rangi kwenye mipangilio ya simu yako, ni bure, vinasaidia kwa vitu vya kwenye skrini.

Naipa nyota 3 kati ya 5, zote za nje kwenye jua. Inakaa mlangoni, nikitoka naivaa. Soksi bado namuuliza dada.