Mlango wa vioo unaojifungua wenyewe kwenye ukumbi wa michezo: uzoefu wangu

Mlango huu wa vioo viwili vinavyoteleza nimeutumia mwaka mzima kwenye lango kuu la ukumbi wa michezo. Ni mzuri, na wote wanaingia kwa mlango mmoja. Hakuna anayezungushwa nyuma ya jengo. Lakini kazi ya fundi anayeufunga inaweza kuuharibu kabisa.

Kipimo cha kwanza ni upana. Uwazi wa milimita 850 unatosha kiti cha magurudumu cha kawaida, ila kiti cha mpira wa kikapu kinakwama. Magurudumu yake yameinama: juu yamekaribiana, chini yametanuka. Ukipima usawa wa mikono utadhani kinapita. Pima sakafuni, pale tairi linapogusa chini. Huu wetu unafunguka milimita 1,200, na mchezaji anaingia akisukuma magurudumu bila kukwaruza vidole kwenye fremu.

Tatizo kubwa lilikuwa sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akikaribia na kuufungua mlango. Ilielekezwa kwa mtu mzima anayetembea wima, kwa hiyo mtoto au aliyekaa kitini alionwa akiwa ameshafika kwenye kioo. Mwambie fundi aielekeze chini zaidi, imwone mtu akiwa bado mita 1.5 kutoka mlangoni, kisha aongeze muda wa mlango kubaki wazi. Sekunde tano ndicho kiwango changu cha chini. Anayetembelea magongo anazihitaji zote.

Reli ya chini izamishwe sawa na sakafu. Ikichomoza hata kidogo, kile kigurudumu cha nyuma kinachozuia kiti kisipinduke kinanasa. Mfereji wake ufagiliwe kila siku, maana mchanga wa viatu hukwamisha vioo. Mkeka mnene wa nyuzi uondolewe, magurudumu huzama. Weka mgumu, uliolazwa ndani ya sakafu.

Nje, rampu ya 1:12, yaani njia ya mteremko inayopanda mita 1 kwa kila mita 12, haitoshi peke yake. Kati yake na mlango pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5, la sivyo anayesubiri mlango ufunguke anarudi nyuma.

Alama zinazobandikwa kwenye vioo ili watu wavione nilizibadilisha. Nyeupe zilipotea jua likiwaka nyuma yake; sasa kuna mikanda yenye rangi mbili, mmoja usawa wa kiuno, mwingine usawa wa macho.

Umeme ukikatika, betri huufungua mlango na kuuacha wazi. Mimi huijaribu kila mwezi kwa kuzima swichi kuu.