Jiko la gesi la kuchomea nyama kwa safari za trela: anza na mpira wa gesi, jiko baadaye

Ingia duka lolote kubwa la Marekani majira ya joto yakikaribia, utakuta majiko ya gesi ya kuchomea nyama yamepangwa karibu na mlango, na kila boksi limeandikwa BTU, yaani kipimo cha joto, kwa tarakimu kubwa. Wengi wetu huchukua lenye tarakimu kubwa kuliko yote ambalo mfuko unaliweza. Kwa anayechomea nyuma ya nyumba, hilo halina neno. Anayevuta trela la kulala ana swali jingine la kujibu kwanza: gesi itatoka wapi?

Najua wapo watakaosema nyama choma ni mkaa, gesi ni kupasha moto tu. Kwa ladha siwabishii. Lakini ukipiga kambi kwenye misitu ya majimbo ya magharibi wakati wa kiangazi, hukawii kukuta tangazo la kuzuia moto. Katika hatua ya kwanza ya makatazo hayo, kuni na mkaa kwa kawaida hupigwa marufuku au huruhusiwa sehemu chache zilizotengwa, lakini jiko la gesi lenye kitufe cha kuwasha na kuzima huendelea kuruhusiwa. Mwenye gunia la mkaa anakula mkate na soseji baridi, mwenye gesi anageuza mishkaki. Soma tangazo la eneo lenyewe, maana kila msitu una amri yake.

Turudi kwenye gesi. Trela nyingi zina mtungi mmoja au miwili ya pauni 20, yaani kilo 9, imekaa mbele juu ya fremu inayoungana na gari. Kutoka hapo gesi inapita kwenye regulata ambayo huishusha hadi presha ya inchi 11 za maji, sawa na milibari 28 hivi, ndiyo jiko na friji vya ndani vinavyotumia. Trela nyingi za miaka ya karibuni zina pia tundu la gesi ubavuni, nje, la kuchomeka mpira. Gesi inayotoka kwenye tundu hilo imekwisha kushushwa presha.

Sasa majiko ya kubeba, karibu yote, yametengenezwa kwa ajili ya vile vichupa vya gesi vya pauni moja vya kufungia kwa kuzungusha, na kila jiko lina regulata yake mwenyewe. Ukilichomeka kwenye tundu la ubavuni bila kubadilisha chochote, gesi inabanwa mara mbili. Jiko litawaka, ndiyo, ila moto ni wa kunyong'onyea, unalamba chini ya wavu bila kuupata. Nusu saa baadaye kuku anachemka kwenye maji yake, rangi ya kijivu, na watoto wanauliza kama bado. Halafu jiko linarudishwa dukani kwa kosa lisilo lake.

Njia za kutoka hapo ni hizi. Unaweza kununua jiko lililoundwa kwa presha ya chini tangu kiwandani. Unaweza kununua lile ambalo regulata yake inatoka na kupachikwa adapta. Fundi wa trela anaweza kukuwekea kiungo cha shaba cha T kati ya mtungi na regulata ya trela, ukapata tundu la presha kamili. Au, na hii ndiyo ninayoipendelea, unaliachia trela mitungi yake na kununua mtungi mdogo wa pauni 5 au 11 wa kujaza, pamoja na mpira wa adapta wa futi sita unaoungana na jiko pale ambapo kichupa kingefungwa. Hapo jiko lolote linafanya kazi kama lilivyokusudiwa, na unalipeleka kwenye meza upande wowote unaotaka, hata ule ambao trela halina tundu. Kutoboa valvu ili presha ya chini ipite vizuri, kama wanavyoonyesha baadhi ya watu kwenye video, sikushauri. Umeshalibadilisha jiko kuwa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Kuhusu BTU zenyewe: namba ile inakwambia jiko linakula gesi kiasi gani kwa saa likiwa limefunguliwa lote, haikwambii litachoma vizuri kiasi gani. Pauni moja ya propeni, ndiyo gesi ya mitungi na vichupa hivi, ina takriban BTU 21,500. Jiko la BTU 20,000 linakimaliza kichupa kwa saa moja na dakika chache. La 8,500 linakwenda nacho saa mbili na nusu. Kinachoivisha nyama ni joto linalobaki ndani: mfuniko mzito unaofunga vizuri, wavu wa chuma cha kusubu ulioshiba moto, na mwili usiovuja upepo. Dukani, shika mfuniko uunyanyue. Ukiuona mwepesi kama sinia la chai, tarakimu ya kwenye boksi haitakusaidia siku ya upepo.

Haya, mpangilio wangu.

1. Weber Q1200

Kwa familia ya watu wawili hadi wanne, hili ndilo la kununua. BTU 8,500 tu, wavu wa inchi za mraba 189, uzito wa kilo 14 hivi. Kwenye karatasi linaonekana dhaifu kuliko wenzake wote wa bei hiyo. Lakini mwili na mfuniko ni alumini nzito ya kusubu, na wavu ni chuma cha kusubu kilichopakwa enameli, kwa hiyo ukilipa dakika 10 hadi 15 za kupata moto likiwa limefunikwa, linakamata joto na haliliachii. Upepo wa jioni ziwani hauzimi moto wake kirahisi, kwa sababu kichomeo kimejificha chini ya wavu uliokaribia kuziba.

Kasoro yake ni kichomeo kimoja. Huwezi kuweka upande wa moto mkali na upande wa kupumzishia nyama. Kwa mbavu za mbuzi, ambazo wengi wetu tunazibeba kutoka duka la halali mjini, dawa ni karatasi ya foili: zikunje na tangawizi, ndimu, chumvi na maji kidogo, moto wa chini, mfuniko umefungwa, zikae kama saa nzima. Kisha zifungue, pandisha moto, zichome upande na upande mpaka mafuta yaanze kulia. Mbuzi aliyewekwa moja kwa moja juu ya moto mkali wa gesi utamtafuna mpaka kesho.

Kasoro ya pili: regulata yake imeungana na valvu, haitoki kwa urahisi, kwa hiyo tundu la ubavuni lisahau. Hili ni jiko la mpira wa adapta na mtungi. Trei ya mafuta iko chini na inavutika. Ivute kila jioni, tutaona kwa nini.

2. Camco Olympian 5500

Hili hulikuti likisifiwa sana, lakini kwa mtu ambaye tayari ana tundu ubavuni na hataki kubeba mtungi wa ziada, ni jibu la moja kwa moja. Limeundwa kwa presha ya chini ya trela. BTU 12,000, wavu wa inchi za mraba 180, mwili wa chuma kisichoshika kutu. Linakuja na reli ya kulitundika ubavuni mwa trela na miguu ya kukunja ya kuliweka mezani.

Miguu itumie, reli ifikirie mara mbili. Ukuta wa trela ni ngozi nyembamba yenye stika za plastiki, na juu yake kuna turubai la kivuli. Joto na mafuta yanayoruka havina urafiki na kimojawapo. Kwa ubora wa kuchoma halifikii Weber, mwili wake ni mwembamba na siku ya baridi unalisubiri. Nimeliweka la pili kwa sababu moto utakaoupata kwenye tundu ni moto kamili, na hilo wengi hawalipati na majiko ya gharama zaidi.

3. Coleman RoadTrip 285

Mkikutana familia tatu, na sisi tukikutana huwa ni hivyo, Q1200 litawachosha. RoadTrip 285 lina vichomeo vitatu, BTU 20,000, inchi za mraba 285, na linasimama kwa miguu yake ya kukunja, na lina magurudumu ya kulivuta. Unaweza kuwasha kati na kuzima kando, kitu ambacho Weber mdogo hana. Jambo zuri kuliko yote ni nyavu zake zinazobadilika: unanunua kando bamba la kukaangia au sehemu ya kuwekea sufuria, ukachoma upande huu na kukaanga vitunguu upande ule.

Ila usijaribu ugali juu yake. Miguu ile ya mkasi inayumba, na ugali unataka jiko lililokaa chini kama limepigwa msumari. Songa ndani ya trela. Na kwa ulaji ule wa gesi, vichupa vya pauni moja ni hasara tupu. Regulata yake inatoka, na kuna kampuni zinazouza adapta za presha ya chini, lakini vichomeo vitatu kwa mpigo kwenye tundu la trela nisingevitegemea. Mafuta ya kuku yakidondoka moto huruka juu ghafla, kwa hiyo usiliache peke yake ukaenda kupiga soga.

4. Blackstone ya inchi 22

Wengine hawatalikubali kwenye orodha hii kwa kuwa halina wavu, ni bamba tupu la chuma. Mimi naliita tawa kubwa. BTU 24,000, vichomeo viwili, inchi za mraba 361. Chapati nne kwa pamoja asubuhi, mayai kando yake, mchana samaki na ndizi. Kama safari zenu zinazunguka kifungua kinywa zaidi ya nyama ya jioni, lipandishe hadi namba mbili. Bamba hilo linataka kupakwa mafuta na kuchomwa mpaka liwe jeusi kabla ya kulitumia, na kupakwa tena kila baada ya kulisafisha. Ukilifungia ndani ya trela likiwa na unyevu, utalikuta na kutu. Upepo ndio adui yake mkubwa, maana moto uko wazi pembeni.

5. Weber Traveler

Jiko zuri sana, bora kuliko mengi niliyoyataja kwa kuchoma: inchi za mraba 320, BTU 13,000, joto limetandaa sawasawa, na linajikunja kwa mkono mmoja. Kwa nini basi liko hapa? Kwa sababu limebeba kitoroli chake, lina zaidi ya kilo 20, na viwanja vingi vya kambi Marekani vina meza ya mbao kwenye kila eneo. Unalipia na kusafirisha miguu usiyoihitaji. Aliye na gari la pikapu na nafasi ya kutosha, alichukue bila wasiwasi. Pima kwanza upana wa mlango wa stoo ya trela.

6. Cuisinart Petit Gourmet

BTU 5,500, inchi za mraba 145, kilo 6 tu. La mtu mmoja au wawili, samaki wawili na mahindi mawili, basi. Bei ni ndogo. Mfuniko ni mwepesi, nimeshasema maana yake.

Yale majiko madogo yanayotumia kopo la gesi ya buteni, yanayouzwa kwenye maduka ya Kiasia, sikuyaweka. Ni mazuri kwa chai, ila buteni huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri za Selsiasi, wakati propeni huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Asubuhi ya Oktoba milimani Colorado tofauti hiyo utaiona kabla ya maji kuchemka.

Juu ya vichupa vya pauni moja: vile vya kutupa havijazwi tena. Sheria ya shirikisho inakataza kuvisafirisha vikiwa vimejazwa upya, na onyo la faini na kifungo limeandikwa kwenye lebo. California ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kuzuia kuviuza kuanzia Januari 2028. Vipo vya saizi hiyo hiyo vilivyoundwa kujazwa tena, lakini mtungi wa pauni 5 una nafuu zaidi. Ukinunua mtungi uliotumika, hakikisha valvu ina kizuizi cha kujaza kupita kiasi; utakijua kwa gurudumu la kufungulia lenye umbo la pembetatu. Mtungi wenye gurudumu la duara ni wa zamani na watakataa kuujaza.

Popote utakapoliweka, liwe nje na mbali na turubai la trela, hata mvua ikinyesha. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na jiko la kuchomea nyama halina kazi ndani ya trela, wala kwa ajili ya kupasha joto usiku. Kila ukifunga mpira, paka maji ya sabuni kwenye viungo kabla ya kuwasha. Mapovu yakitokea, funga mtungi.

Na ile trei ya mafuta. Kwenye maeneo yenye dubu, mbuga za Yellowstone na Glacier zikiwemo, jiko linahesabiwa pamoja na chakula: haliachwi nje usiku hata likiwa limesafishwa. Kwa hiyo unaponunua, jiulize kama utaweza kulinyanyua peke yako, bado lina uvuguvugu, saa nne usiku, uliingize kwenye gari. Hapo ndipo kilo 14 na kilo 22 zinapoachana njia.