Dawa za presha: kiboksi cha siku saba au kengele ya simu?

Mama anameza amlodipine na hydrochlorothiazide kila asubuhi. Hiyo ya pili inaongeza mkojo, ndiyo maana hanywi usiku, asije akakesha chooni. Nyumbani tunabishana: tumnunulie kiboksi chenye vyumba saba, au tumtegee kengele kwenye simu?

Kwa gharama simu inashinda, maana hata kitochi kina kengele. Kasoro ni kwamba inalia ukiwa kwenye daladala, unaizima, na jioni hukumbuki kama ulimeza. Hapo ndipo kiboksi kinapotamba. Ukikuta kidonge bado kimo kwenye chumba cha Jumatano saa nne asubuhi, ubishi umekwisha, na hakuna kumeza mara mbili.

Ila kiboksi kinataka mtu wa kukijaza kila wiki, na nifedipine, dawa nyingine ya presha, haipendi mwanga. Iache kwenye pakiti yake. Simu inataka chaji tu.

Msafiri wa kidonge kimoja, kengele inamtosha. Mzee wa dawa tatu anayeishi na mjukuu, ningeanza na kiboksi. Akiendelea kusahau, muulizeni daktari kama kipo kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani.