Vitabu vya Krismasi na baridi, anzia inama

Disemba Nairobi ni jua kali, shule zimefungwa, kila mtu anahesabu nauli ya kuenda ushago, na hapo ndio mimi huona vitabu vya theluji vinanoga zaidi. Maduka makubwa ya vitabu ni mazuri lakini mimi nitawasifia watu wa inama, wale wa Tom Mboya na Moi Avenue wanaotandika vitabu vya mtumba chini kwa turubai, kwa sababu hapo ndio utapata hizi stori za baridi kwa wingi na bei ya kuongea. Nyingi zimetoka ng'ambo zikiwa zimesomwa, ukifungua kava ndani unakuta kalamu ya mtu akimpa mpwa wake zawadi ya Krismasi miaka mingi iliyopita. Mimi hizo ndizo hupenda.

Ukinunua moja tu, iwe A Christmas Carol ya Charles Dickens. Watu wengi wanaijua kijuujuu, tajiri mchoyo anaitwa Scrooge, mizimu inamtembelea usiku, asubuhi amebadilika. Lakini soma pole pole ile ofisi ya mwanzo. Karani wake Bob Cratchit ana moto mdogo hadi unakaa kipande kimoja tu cha makaa, na hawezi kuongeza kwa sababu sanduku la makaa liko kwa chumba cha bosi, akitokea na sepetu bosi anaanza kuongea mambo ya kumwachisha kazi, basi jamaa anajifunga skafu anajaribu kujipasha joto na mshumaa. Alafu ikifika maneno ya kupewa siku ya Krismasi, Scrooge analalamika ni kama anaibiwa mfukoni kila tarehe 25 Disemba. Hapo kama umewahi kungoja bosi atangaze mtafunga kazi lini na kama mshahara utaingia mapema, hiyo si stori ya Uingereza tena.

Na kuna hesabu moja huniuma. Kitabu kilitoka tarehe 19 Disemba 1843 kikiuzwa shilingi tano za Uingereza za wakati huo, nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi. Cratchit kwa stori analipwa shilingi 15 kwa wiki, yaani kukinunua kitabu kinachomhusu yeye mwenyewe angetoa theluthi ya mshahara wa wiki nzima na nyumbani kuna Tim mdogo anatembea na mkongojo. Leo sisi tunakipata pale chini kwa mia moja au mia na hamsini. Ila angalieni msiuziwe kile kilichofupishwa cha wanafunzi, kile kamili chenyewe ni kifupi tayari, kinaisha kwa siku mbili.

Kwa wapenzi wa upelelezi kuna Murder on the Orient Express ya Agatha Christie, 1934. Treni imekwama kwa theluji Yugoslavia, mtu ameuawa kwa kisu usiku, muuaji hana pa kutorokea na mpelelezi Poirot yumo ndani. Si ya Krismasi lakini baridi ndio inashikilia stori yote, theluji ingeyeyuka mapema hakuna kitabu. Tena hii ndio ya kusoma kwa basi safari ndefu.

Watoto wapeni The Lion, the Witch and the Wardrobe ya C.S. Lewis, nchi ambayo ni baridi kila siku na Krismasi haifiki. Wangu walisikitika kweli waliposikia hiyo.

Lakini ile ningetaka wengi waijue ni Moominland Midwinter ya Tove Jansson wa Finland, ya 1957. Moomintroll, kiumbe wa hadithi, na familia yake hulala miezi yote ya baridi, sasa yeye usingizi unakatika katikati na wengine wamelala fofofo, anatoka nje anakuta dunia asiyoijua. Hajawahi kuona theluji kabisa, alikuwa anadhani inatokea chini ardhini, hadi siku inaanza kuanguka kutoka juu ikimgusa mdomo. Kwa sisi ambao theluji tunaiona tu juu ya Mlima Kenya tena kwa mbali, huyu ndiye wa kutembea naye, juu anajifunza pamoja na wewe peji kwa peji. Inama ni bahati kuipata, hii itabidi uagize dukani na utalipa zaidi, na inastahili.

Mambo ya inama yenyewe: ongea bei kwa heshima, M-Pesa wanachukua, na kabla ulipe kagua peji za mwisho kama zipo. Kwa kitabu cha upelelezi angalia namba ya peji peke yake, usisome. Kuna muuzaji aliniambia ukimwachia jina la kitabu na namba ya simu anakutafutia kwa mizigo mpya, na kweli alipiga. Nendeni kabla ya tarehe 20 hivi, baada ya hapo wengi wao pia wanafunga mizigo wanaenda nyumbani.