Punguzo la serikali kwenye gari la umeme: lipi ni pesa, lipi ni karatasi tu

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo jamaa akitaka kununua gari la umeme hunitumia kwanza karatasi ya bei aliyopewa na muuzaji. Naisoma kuanzia chini, kwenye jumla ya kulipa, maana huko ndiko ruzuku ya serikali inakojulikana kama ipo kweli au imetajwa tu. Magari yenyewe yana wasifiaji wa kutosha. Hapa napima ruzuku.

Alama za juu naipa ile isiyoombwa. Norway, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 25, na gari la umeme lilisamehewa kodi hiyo kuanzia 2001. Mnunuzi hajazi fomu wala hasubiri hundi. Kodi haimo kwenye bei, basi. Mwaka 2023 msamaha uliwekewa kikomo cha krone 500,000 za kwanza, hivyo aliyetaka la kifahari alilipia VAT ile ziada, jambo ninaloliona la haki kabisa. Ila tusidanganyane: gari la petroli huko linabanwa kwa kodi nzito ya usajili, na pengo kati ya bei hizo mbili ndilo linalomvuta mtu. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyosajiliwa Norway yalikuwa ya umeme. Rwanda nayo ilipita njia ya msamaha mwaka 2021, ikaondoa ushuru wa kuingiza na VAT.

Sasa ile ya Marekani, ambayo ndiyo watu wengi wameisikia: hadi dola 7,500 kwa gari jipya. Mpaka mwisho wa 2023 ilikuwa nafuu ya kwenye kodi ya mapato, na haikuzidi kodi unayodaiwa. Kama kodi yako ya mwaka ni dola 3,000, ulipata 3,000. Zile 4,500 zilizobaki zilipotea, hata kuzihamishia mwaka unaofuata hakuna. Mwenye kipato kidogo akapata kidogo, huku tangazo likimwambia 7,500. Na mkopo wa gari ameshauchukua kwa bei kamili, riba inatembea. Kwa muundo huo sikuona sababu ya kuisifu.

Januari 2024 wakairekebisha: mnunuzi akaruhusiwa kumkabidhi muuzaji nafuu hiyo, ikakatwa palepale kwenye bei, hata kwa mwenye kodi ndogo. Mwenye kipato kilichovuka kikomo, dola 150,000 kwa asiye na mwenza, alitakiwa kuirudisha yote. Muuzaji naye alipaswa kupeleka taarifa ya mauzo kwenye mfumo wa mamlaka ya kodi ndani ya siku 3. Ndiyo maana kokote ambako punguzo linapita mikononi mwa muuzaji nasisitiza: omba nakala ya taarifa iliyokubaliwa kabla hujapokea ufunguo. "Itaingia tu" si stakabadhi. Mpango wenyewe umefungwa kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025.

Karatasi moja naikumbuka vizuri. Mstari wa ruzuku ulikuwa kwa wino mzito, umepunguza bei ikapendeza. Chini yake, kwa herufi ndogo: "maandalizi ya gari" na "kifurushi cha ulinzi wa rangi". Ukivijumlisha, vinakaribia ruzuku nzima. Nilimwambia jamaa aulize kama ni vya lazima. Vikafutwa siku hiyohiyo.

Watengenezaji nao humo wamo. Tesla ilipovuka mauzo ya magari 200,000 Marekani, chini ya sheria ya zamani nafuu ya wanunuzi wake ilishuka kutoka dola 7,500 hadi 3,750 kuanzia Januari 2019. Mara kampuni ikapunguza bei kwa dola 2,000. Mimi nasoma hivi: bei ilikuwa na nafasi ya kushuka tangu mwanzo, ruzuku ndiyo iliyokuwa ikiishikilia juu.

Ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu ni ya Ujerumani. Si kwa udogo, kwani 2023 serikali ilikuwa ikitoa hadi euro 4,500. Tatizo ni kwamba uliomba baada ya gari kusajiliwa, si siku ya kuliagiza. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikabatilisha euro bilioni 60 za mfuko wa tabianchi, uliokuwa ukilipia ruzuku hiyo, na Desemba 16 ikatangazwa kwamba maombi mwisho ni kesho yake. Mtu ameagiza miezi iliyopita, gari bado halijafika, pesa imeyeyuka. Baadhi ya kampuni zilijitolea kuziba pengo, lakini huo ni uungwana, si haki. Mpango unaokubana kwa tarehe ya usajili naupigia hesabu kana kwamba ruzuku ni sifuri.

Kwa upande wa Marekani, niliyoipenda zaidi ilitangazwa kidogo sana: ile ya gari lililokwishatumika, asilimia 30 ya bei hadi dola 4,000, mradi bei isizidi 25,000. Hiyo ndiyo iliyomfikia mtu wa kawaida. Ila ilikuwa lazima ununue kwa muuzaji mwenye leseni, nayo ilifungwa pia baada ya Septemba 30, 2025. Ulipochukua la jirani, hata kama lilikuwa zuri kuliko yote yaliyopo sokoni, hukupata senti.