Tumbo lilitoboka msimu wa karafuu: huduma niliyoipata

Nyota kwanza: upasuaji wenyewe naupa tano, maelezo ya kurudi nyumbani nayapa mbili. Spitali siitaji, ni moja ya hizi zetu za Pemba.

Mgongo ulikuwa ukinibana kwa kupanda mikarafuu. Nikawa nameza diklofenaki, vidonge vya maumivu vya dukani, asubuhi na jioni, mara nyengine kwa chai kavu tu, kama wiki tatu. Kiungulia nilikuwa nacho, nikasingizia muhogo.

Alfajiri moja nikachomwa chini ya chembe cha moyo, mchomo wa kisu. Nikajikunja. Kufika saa nne maumivu yakapoa, nami nikafurahi! Kumbe poa ile ni ya uongo: maji ya tumbo yanakuwa yameshamwagika ndani, yanaenea. Jioni tumbo limekaza kama ubao, bega la kulia linauma, hata kukohoa sithubutu.

Mapokezi hawakuchelewa. Dripu mikono yote miwili, mpira wa puani wa kunyonya tumbo, mpira wa mkojo, sindano za antibiotiki. Wakanipiga picha ya kifua nimekaa wima. Daktari, kijana mdogo, akanionesha weusi mwembamba juu ya ini: "Baba, hii ni hewa, na hapa si pahala pake. Pametoboka. Tunakupasua usiku huu."

Nikapigwa nusu kaputi. Tundu lilikuwa mwanzo wa utumbo mdogo. Wakaliziba kwa kipande cha ule utando wa mafuta wa tumboni, wakaosha kwa maji ya chumvi lita kadhaa, wakaacha mrija ubavuni.

Basi wodini kila asubuhi swali ni moja: "Umeshajamba?" Na mama mkwe kakaa pale pale na chupa yake ya uji. Siku ya nne nikajibu ndiyo, kwa sauti ndogo. Nikaruhusiwa maji, vijiko vijiko.

Sasa zile nyota mbili. Siku ya kutoka nilipewa karatasi na vidonge, basi. Nilipokwenda kutoa nyuzi ndipo daktari mwengine akaniuliza dawa ninazotumia, akaagiza kipimo cha kinyesi, akakuta vijidudu vya H. pylori, vile vinavyoleta vidonda vya tumbo, akaniandikia dozi ya siku 14. Diklofenaki akanipiga marufuku kabisa, maana nayo huleta vidonda hivyo hivyo.

Nami pakiti ilikuwa bado juu ya kabati. Tangu nirudi nyumbani nilishameza nne.